Chachu ya mkate kwa joto la Lamu

Maelekezo mengi ya kutengeneza chachu ya mkate yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwao, jikoni pakifika nyuzi 24 ni siku ya joto. Lamu, nyuzi 24 ni alfajiri ya Julai, kusi likivuma. Ukiyafuata hapa kama yalivyo, ukalisha (yaani ukaongeza unga na maji mapya) asubuhi na jioni kwa vipimo sawasawa, chachu itaumuka kwa muda wa saa tatu au nne, itanywea kabla ya adhuhuri, kisha itashinda na njaa mpaka magharibi. Baada ya wiki mbili za namna hiyo utabaki na uji mkali kama siki, usio na nguvu ya kuumua hata kibibi, ule mkate mdogo wa mchele.

Sababu yake ni hii. Chachu ni unga na maji vyenye vijidudu hai vya aina mbili: hamira ya asili, ambayo hutoa gesi na kuumua unga, na bakteria wa asidi, ambao huleta ule uchachu na kuwafukuza vijidudu wabaya. Hamira hustawi zaidi kwenye nyuzi 26 hadi 28. Bakteria hao hupenda joto la juu zaidi, nyuzi 30 hadi 33, na joto likikaribia 36 hamira nyingi za chachu husimama kabisa huku bakteria wakiendelea na kazi. Kwa hiyo mchana wa Machi, jiko likiwa limepigwa na jua tangu asubuhi, asidi huitangulia hamira mbali sana. Kutunza chachu Pwani ni kuisaidia hamira isiachwe nyuma: chakula kingi, mbegu (ile chachu ya zamani unayoibakiza) kidogo, na mahali penye ubaridi.

Vyombo, maji na unga

Tafuta chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana, za nusu lita au zaidi kidogo, moja ya kutumia na moja safi ya kubadilishia. Kioo ni muhimu kwa sababu chachu husomwa kwa macho, kwa pembeni. Tafuta pia mpira wa kufungia wa kuvisha chupa kama alama, kipande cha leso kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, mwiko mwembamba, na mzani wa jikoni unaosoma gramu mojamoja. Huna mzani? Kijiko kikubwa cha unga kilichosawazishwa ni kama gramu 8, na cha maji ni gramu 15. Kwa kuanzia vijiko vitakufikisha, lakini atta, yaani unga wa ngano wenye pumba, na unga mweupe havikai sawa kijikoni, na baadaye utakapopima mbegu ya gramu 5 vijiko vitakupoteza. Nunua mzani kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko unga. Kisiwani Lamu, maji matamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, lakini visima vingi vilivyo karibu na ufuo huingiwa na munyu, hasa mwisho wa kaskazi, mvua ikiwa haijanyesha. Onja. Ulimi ukigundua munyu, usiyatumie kuanzishia chachu: chumvi hupunguza kasi ya hamira, na hamira changa haina kasi ya kupoteza. Maji ya mvua yaliyochujwa, yakachemshwa na kupoa, yanafaa sana. Maji ya mfereji ya Malindi hutiwa klorini. Yaweke ndani ya sufuria wazi usiku kucha, au yachemshe dakika kumi uyaache yapoe. Fanya vivyo hivyo kwa maji yaliyotiwa dawa nyumbani.

Unga wa kuanzia uwe na pumba: atta, au ngano uliyoisaga mwenyewe kinuni. Vijidudu tunavyovitaka hukaa kwenye ganda la punje, na unga mweupe umeondolewa ganda hilo. Ukiwa na unga wa wimbi au mtama uliosagwa karibuni, gramu 10 zake ndani ya gramu 50 za unga huharakisha mambo. Chachu ikishakomaa, unga mweupe wa kawaida unatosha kuilisha, ukichanganya na atta kidogo.

Watu wa Pwani walikuwa na chachu yao kabla ya hamira ya dukani: vitumbua na mikate iliumuliwa kwa tembo la mnazi. Wako wanaouliza kama waanze kwa hilo. Hakuna haja. Tembo lina hamira nyingi, lakini pia lina bakteria wa siki wengi ambao hawataondoka upesi, na nyumba nyingi hazitaki tembo jikoni. Hamira iliyomo kwenye unga wenyewe inatosha.

Siku za mwanzo

Siku ya kwanza, changanya gramu 50 za unga wa atta na gramu 50 za maji. Koroga mpaka pasibaki unga mkavu hata chembe, kisha kwangua pembeni mwa chupa kwa mwiko, kwa sababu mabaki yaliyoganda juu ndiyo yanayoota ukungu kwanza. Funika kwa leso, vuta mpira mahali unga ulipofikia, weka mbali na jua. Jioni koroga tena, usiongeze kitu.

Siku ya pili, baada ya saa 24, hamisha gramu 50 za mchanganyiko kwenye chupa safi, ongeza gramu 50 za unga na gramu 50 za maji. Zilizobaki zitupe, katika siku hizi za mwanzo hazifai kupikia. Endelea hivyo mara moja kila siku, saa ileile, ukikoroga mara moja katikati.

Kwa joto letu, mchanganyiko unaweza kuruka siku ya pili tu, ukajaa chupa na kusukuma leso. Usifurahi mapema. Nusa: harufu ni ya uvundo, kama maziwa yaliyoharibika au kitambaa kilichosahaulika kikiwa kibichi. Hao ni bakteria wengine waliokuwa kwenye unga, wanaotoa gesi nyingi kabla asidi haijapanda. Hamira bado haijaamka. Ukipikia chachu hiyo utapata mkate mzito wenye harufu mbaya.

Kisha, siku ya tatu hadi ya tano, kila kitu kinanyamaza. Povu linatoweka, mchanganyiko unakaa kama gundi, na hapa ndipo watu wengi humwaga na kuanza upya, wakarudi palepale siku tano baadaye. Usimwage. Asidi inapanda, wale bakteria wa mwanzo wanakufa, na hamira husubiri asidi hiyo ndipo iamke. Kosa la pili la siku hizi ni kuionea huruma na kuilisha mara mbili au tatu kwa siku: kila ukilisha unaipunguza asidi, unarudisha saa nyuma. Lisha mara moja tu.

Anayetaka kupunguza kipindi hicho cha uvundo atumie maji ya nanasi lililoiva badala ya maji, siku mbili za kwanza peke yake. Asidi ya nanasi huwazuia bakteria wa mwanzo tangu mwanzo. Likamue mwenyewe, lichuje, usitie sukari. Siku ya tatu rudi kwenye maji.

Kati ya siku ya sita na ya nane utaona vipovu vidogo vikirudi, harufu ikibadilika kuwa ya mtindi, kisha ya tunda lililoiva. Siku ambayo chachu itapanda maradufu ndani ya muda wa saa 5 au 6 baada ya kulishwa, badilisha kipimo: gramu 20 za chachu, gramu 60 za unga, gramu 60 za maji, mara mbili kwa siku. Siku mbili baadaye ingia kwenye kipimo cha kudumu, gramu 10 za chachu kwa 50 za unga na 50 za maji. Ikiweza kupanda maradufu kwa kipimo hicho siku tatu mfululizo, kila mara kwa muda wa saa 6 hadi 8, imekomaa.

Kuisoma chupa

Saa ya ukutani haijui kama leo kuna upepo. Chupa inajua. Chachu inayopanda ina mgongo wa duara, umeinuka katikati kama maandazi, na kwenye kioo unaona vipovu vya ukubwa mbalimbali vimebanana. Ikifika kileleni mgongo unalala sawa, juu pana matundu madogo yanayopasuka moja moja, na ukiinua kwa kijiko inavutika nyuzi nyuzi kama mlenda ulio mzito. Harufu yake wakati huo ni tamu na chachu kwa pamoja. Huo ndio wakati wa kuichukua kupikia. Baadaye katikati panabonyea, kwenye kioo panabaki michirizi ya utelezi inayoonyesha ilikofika, na harufu inaelekea kwenye siki. Wakati huo bado unaweza kuilisha bila hasara. Ikipita hapo kwa saa nyingi, ndipo asidi inapoanza kuidhoofisha.

Wengine hujaribu kwa kudondosha kijiko cha chachu kwenye bilauri ya maji, ikielea wanasema iko tayari. Chachu ya unga mweupe huelea kweli. Ya atta mara nyingi huzama hata ikiwa na nguvu, kwa sababu pumba hukata utando unaoshika gesi. Amini mpira ulioufunga kwenye chupa kuliko bilauri.

Kuilisha kulingana na pepo

Majira ya kusi, Juni hadi Septemba, kipimo cha 10 kwa 50 kwa 50 mara mbili kwa siku kinakwenda vizuri. Kaskazi linapokaza, na hasa Februari na Machi mchana unapopita nyuzi 31, punguza mbegu: gramu 5 za chachu kwa 50 za unga na 50 za maji. Unga ni uleule, mbegu ni nusu, na chachu inapata saa kadhaa zaidi kabla ya kunywea. Usijaribu kutatua joto kwa kulisha mara nne kwa siku; utamaliza unga na bado utachelewa.

Njia iliyo bora zaidi kwa miezi hiyo ni kuifanya chachu iwe ngumu. Chukua gramu 20 za chachu, gramu 60 za unga, gramu 30 za maji tu, ukande mpaka iwe donge kama la chapati, uliweke chupani. Maji yakiwa machache, vijidudu hutembea polepole na asidi haipandi kwa haraka ileile. Waitaliano hutunza chachu yao kwa namna hii, na ukipata mtu wa kukugawia kipande kule Malindi, ambako Waitaliano ni wengi, huenda akakupa donge badala ya uji. Kuirudisha kuwa laini ni rahisi: gramu 20 za donge, gramu 50 za unga, gramu 50 za maji.

Chumvi nayo husaidia, kwa chachu iliyokomaa tu. Nusu gramu kwa gramu 50 za unga, yaani kiasi kinachoshikwa na ncha za vidole viwili, hupunguza kasi bila kuua kitu. Sasa munyu unakuwa rafiki.

Mahali pa kuweka chupa panastahili kufikiriwa. Katika nyumba nyingi za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, jiko liko juu, karibu na dari la makuti, na huko ndiko kwenye joto kuliko pengine pote nyumbani. Ishushe chupa. Kidaka cha chumba cha ndani, kwenye ukuta mnene wa matumbawe, hakibadiliki sana kati ya mchana na usiku, na chachu hupenda utulivu huo. Nyumba ya matofali na mabati ya Malindi haina ukuta kama huo. Weka chupa ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, ifunike kwa kitambaa kibichi ambacho ncha zake zinagusa maji, uiache karibu na dirisha linalopitisha upepo. Upepo mkavu wa kaskazi hukausha kitambaa na kuvuta joto. Wakati wa masika hewa yenyewe imejaa maji, kwa hiyo mbinu hii haisaidii sana, lakini masika joto nalo hupungua. Beseni hilo pia huzuia sisimizi, ambao watajua kuna unga kabla yako.

Asiyepika kila siku atumie friji. Lisha 10 kwa 50 kwa 50, iache nje kwa muda wa saa moja au mbili ianze kutoa vipovu, ifunike kwa kifuniko kisichokazwa, uitie ndani. Itakaa wiki moja bila kuguswa. Ikikaa wiki tatu haitakufa, itahitaji tu siku mbili za kulishwa. Umeme ukikatika nusu siku usihangaike, usifungue friji ovyo. Itoe usiku wa kuamkia siku moja kabla ya kupika, ulishe mara mbili, ndipo uitumie.

Ikiharibika

Maji ya kijivu juu yake ni njaa. Yamwage, chukua gramu 5 kutoka chini, lisha. Harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni njaa pia, ya muda mrefu zaidi. Mizunguko mitatu ya 5 kwa 50 kwa 50 huimaliza.

Chachu inayopovuka lakini haipandi, na unga wa mkate unaoanza vizuri kisha ukalegea na kutapakaa kama uji, ni dalili za asidi kupita kiasi. Asidi ikizidi, gluteni, ule utando wa ngano unaoshika gesi, huvunjika. Dawa si hamira ya dukani. Igeuze iwe donge kwa siku tatu, kama ulivyoelekezwa juu, na uihamishe mahali penye ubaridi.

Madoa au michirizi ya waridi au rangi ya machungwa, na ukungu wenye manyoya wa kijani au mweusi: tupa yote, bila kujaribu kuokoa ya chini. Chemsha chupa na mwiko dakika kumi. Ukungu hutokea zaidi wakati wa masika, mara nyingi kwa sababu pembeni mwa chupa hapakukwanguliwa au leso ilibaki na unyevu. Badilisha leso kila siku mbili msimu huo.

Fukusi kwenye unga huletwa na unga wenyewe. Uweke pakiti nzima kwenye sehemu ya barafu siku nne kabla ya kuufungua, mayai yao hufa. Kisha uhifadhi kwenye kopo linalofunga.

Ya kuondoa ni ya kupikia

Chachu ikishakomaa, usitupe kinachobaki kila unapolisha. Kikusanye kwenye bakuli ndani ya friji hadi siku tano. Kwa chapati, gramu 200 za mabaki, gramu 300 za unga, maji gramu 150, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Kanda, pumzisha muda wa saa moja, sukuma. Zinatoka laini na hazikauki hadi kesho yake.

Kwa vibibi inahitajika chachu iliyo kileleni. Roweka gramu 300 za mchele usiku, uchuje, usage pamoja na mililita 250 za tui zito na iliki, tia gramu 60 za chachu, uache upovuke. Sukari itie mwisho, kabla tu ya kuchoma, kwa sababu ikiwa nyingi mapema hunyonya maji ya hamira na kuichelewesha. Mwezi wa Ramadhani ratiba inajipanga vizuri: lisha chachu wakati wa daku kwa kipimo cha 10 kwa 50 kwa 50, iko kileleni karibu na adhuhuri; changanya vibibi baada ya sala, na baada ya alasiri vinachomwa.

Mkate wa kawaida ni gramu 500 za unga wa ngano, 320 za maji, 90 za chachu, 10 za chumvi. Uache uumuke kwa nusu ya ukubwa wake, si maradufu. Kwa nyuzi 29 ni kama muda wa saa 4 hadi 5. Uunde, uupe muda wa saa moja nyingine, uoke kwa nyuzi 230, dakika 25 za kwanza ukiwa umefunikwa na 20 ukiwa wazi. Bila oveni, tumia sufuria nzito yenye mfuniko bapa, makaa machache chini na mengi juu, kama unavyopalia mkate wa sinia. Chini ukiweka makaa mengi, mkate utaungua kabla ndani haijaiva.

Akiba

Kila mwenye chachu aweke kiasi kilichokaushwa, kwa siku ambayo chupa itaanguka. Chagua siku ya kaskazi yenye upepo mkavu. Chukua chachu ikiwa kileleni, ipake nyembamba kama ukurasa kwenye karatasi ya kuokea, iache kivulini mbele ya feni, chini ya chandarua cha chakula, isipigwe na jua. Siku moja au mbili itakuwa inavunjika kwa mlio kama kaukau. Ikipinda badala ya kuvunjika, iache zaidi, kwa sababu unyevu uliobaki utaiotesha ukungu. Ivunje vipande, itie kwenye chupa kavu inayofunga kabisa, andika tarehe, iweke mahali pa giza. Hukaa miezi mingi.

Kuiamsha, loweka gramu 10 za vipande ndani ya gramu 20 za maji ya vuguvugu kwa muda wa saa mbili, koroga, tia gramu 20 za unga. Kesho yake chukua gramu 20 kati ya hizo, ulishe 40 za unga na 40 za maji. Kwa kawaida siku ya tatu inapanda.